Mfupa Kwenye Koo la Watachoka

Kitu cha kwanza anachofanya Dionisia asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, ni kunywa maji. Hanywi kwa sababu ya kiu. Anachota kikombe kutoka kwenye mtungi, anakaa kwenye kigoda mgongo ukiwa ukutani, anayatazama maji, halafu anayanywa funda kwa funda huku akilisikiliza koo lake. Funda la mwisho likishapita anaweka kikombe chini na kufanya ishara ya msalaba. Hapo ndipo siku inapoanza. Kuku wanafunguliwa, moto unawashwa, jirani anasalimiwa.

Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ni nadhiri. Nimelala kwenye nyumba za watu katika nchi nyingi, na kila nyumba ina jambo lake la asubuhi ambalo mgeni halihoji. Lakini hili lilinikaa moyoni, nikauliza.

"Naangalia kama yanapita," alisema.

"Na yasipopita?"

"Yasipopita, mwanangu, ndiyo nimekufa. Hakuna lingine."

Alilisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni.

Dionisia anaishi upande wa Kiegei, wilaya ya Nachingwea, mahali ambapo mashamba ya ufuta yanasogea msituni kila mwaka. Unapita leo unakuta miombo, mwakani unapita unakuta visiki vinafuka moshi. Wazazi wake walikuwa Wamakua kutoka Msumbiji. Walivuka Ruvuma wakikimbia vita vya Wareno, yeye akiwa mgongoni mwa mama yake. Kiswahili alijifunzia shuleni na sokoni. Karanga anazihesabia kwa Kimakua mpaka leo, na mbwa anawagombeza kwa Kimakua. "Mbwa hawakwenda shule," anasema.

Mumewe, Benedikto, alikuwa mwindaji. Alipofariki alimwachia shamba, binti mmoja aitwaye Tabitha ambaye sasa ameolewa Ruangwa, na mbwa. Kwa kawaida mjane hubaki na kuku na majembe, na mbwa wa kuwinda huchukuliwa na wanaume wa ukoo. Dionisia alikataa. Alikuwa amefuatana na Benedikto porini miaka mingi, anajua kumlea mbwa tangu akiwa kitoto kisichofumbua macho, na bila mbwa nguruwe pori wangemaliza karanga zake kabla hazijakomaa. Watu wakasema sana. Yeye hakujibu, alimpa mbwa wake mkubwa jina la Watachoka. Mashemeji walipomwambia arudi kwa ndugu zake, mbwa wa pili akamwita Sihami. Kila jioni alisimama uani akawaita kwa sauti kubwa, "Watachokaaa! Sihamiii!" na kijiji kizima kikawa kimejibiwa bila ugomvi.

Ng'ambo ya ua wa minyaa wanaishi Mikidadi na mkewe Swaumu, Wamwera, wenyeji wa pale tangu mababu. Wao ni Waislamu na mbwa kwao hagusi kitu. Makubaliano ya nyumba mbili hizi ni ya zamani: mbwa wasivuke minyaa, na Dionisia asichote maji kwa ndoo ya Swaumu. Mengine yote wanashirikiana, kuanzia chumvi mpaka misiba, na utani hauna mwisho.

"Mama Tabitha, leo mboga gani?" Swaumu huuliza kupitia minyaa.

"Panya."

"Astaghfirullah. Wana mikia?"

"Mikia nimekuwekea wewe, Mama Zulfa."

Nimewala panya hao. Niliwahi kuwala Malawi pia, kando ya barabara, wamebanikwa kwenye vijiti, na sioni cha kuomba radhi. Baada ya mavuno, majani yakishachomwa, Dionisia na mbwa wake huzunguka mashamba kufukua mashimo. Mbwa ananusa, jembe linachimba, panya anatoka. Vichwa ni haki ya mbwa. Kwa hiyo hutokea mara kwa mara mfupa ukamkwama mbwa kooni, na kwa hilo Benedikto alimfundisha mkewe njia. Unamketisha mbwa katikati ya magoti yako. Unamdondoshea puani maji ya mizizi iliyopondwa, yaleyale wanayotumia wawindaji kumfungua mbwa pua kabla ya kuingia porini. Mbwa akipiga chafya na kufunua mdomo, unaingiza mkono mpaka ndani, unautafuta mfupa kwa vidole na kuutoa. Dionisia alikuwa na mkono mwembamba kuliko wa mumewe. Wawindaji wa Chiola na Mnero walikuwa wakimletea mbwa wao.

Kilichotokea kilianza mchana, jua likiwa kali, msimu ambao karanga zilikuwa zimetoa maua.

Bweha aliingia kijijini. Bweha si mnyama wa kuingia kijijini mchana. Kwa kawaida unasikia sauti yake tu mbali, au unamwona mkia ukipotea vichakani. Huyu alikuja akitembea katikati ya njia, kichwa kimeinama upande, miguu ya nyuma ikipishana kama ya mlevi. Alipita mbele ya watoto waliokuwa wanacheza, asiwatazame. Alipofika kwenye minyaa ya Swaumu alisimama akaanza kutafuna ufito wa ua. Mikidadi alimtupia kipande cha tofali kikampata ubavuni. Hakugeuka. Aliendelea kutafuna.

"Huyu katumwa," Mikidadi alisema, akarudi nyuma.

Sihami alifika kwanza akabweka kwa mbali. Watachoka hakubweka. Aliruka moja kwa moja, wakabiringishana vumbini, na vumbi lilipotulia bweha alikuwa amekufa na Watachoka ana jeraha dogo mdomoni. Sihami alimalizia kwa kumvuta bweha mkia huku na huku mpaka Dionisia alipomgombeza.

Watu walicheka. Watoto walimkokota bweha kwa kamba wakamtupa korongoni, kule ambako kijiji hutupa taka na ambako mvua ikinyesha maji huteremka mpaka kisimani. Mikidadi mwenyewe alimsifu Watachoka: "Mbwa wako leo kafanya kazi ya serikali, Mama Tabitha." Hakuna aliyetoa taarifa. Nilipomuuliza Mikidadi kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakupeleka mvua polisi. Ampe nani? Bwana wa wanyamapori anakuja tembo wakila mazao. Bwana wa mifugo anakuja kwa mbuzi na ng'ombe. Zahanati ni ya watu. Bweha hakuwa wa mtu yeyote.

Jeraha la Watachoka likapona. Mvua zikaendelea, karanga zikajaa ardhini, na habari ya bweha ikasahaulika kabisa.

Karanga zilipoanza kung'olewa, Watachoka aliacha kula. Alilala chini ya ghala, gizani. Ukimwita alikuja, lakini alikuja taratibu na kusimama hatua chache kutoka kwako kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Taya la chini likaanza kuning'inia. Mate yakawa yanamtoka kwa nyuzi ndefu. Sauti yake ilibadilika. Alipojaribu kubweka kilitoka kitu kama mlango unaofunguliwa kwa shida.

Wareno huuita ugonjwa huu hasira. Wafaransa wanauita hasira, Wahispania vilevile. Sisi tunauita kichaa. Kila lugha ninayoijua imeupa jina la mbwa anayekimbia njiani akiuma kila anayemkuta, na majina haya yote yanadanganya nusu ya wakati. Watachoka hakuwa na hasira wala kichaa. Alikuwa na huzuni. Kwa kumtazama alikuwa mbwa mwenye mfupa kooni, na pale alikuwepo mwanamke mmoja katika kata nzima ambaye kila mtu alijua anaweza kumtoa mbwa mfupa kooni.

Akafanya alivyofundishwa. Akamketisha katikati ya magoti, akamdondoshea dawa puani, akaingiza mkono. Watachoka hakumng'ata. Taya halikuwa na nguvu hata ya kufunga. Dionisia alitafuta kwa vidole mpaka alipoweza kufika, akazungusha, akatafuta tena. Alipouvuta mkono nje, meno ya juu yalimkwaruza vifundo vya vidole, michubuko midogo, kama ya miiba ya minyaa. Mkono ulikuwa umelowa mate mpaka juu ya kifundo. Akaufuta kwenye kanga yake.

"Hamna mfupa," alijisemea. Akafikiri umeshuka chini zaidi. Akamwambia Watachoka kwa Kimakua avumilie, kesho watajaribu tena.

Alasiri ileile Watachoka alifanya ambacho hakuwahi kukifanya maisha yake yote. Alivuka minyaa. Swaumu alikuwa ameketi anapepeta choroko, akahisi kitu kibichi mguuni. Alipotazama chini, kichwa cha mbwa kilikuwa kimeegemea goti lake, mate yanatiririka mpaka kwenye unyayo.

Makelele yake yalisikika mpaka barabarani. Choroko zilimwagika. Watachoka alirudi alikotoka polepole, wala hakushtuka. Swaumu alikwenda nyuma ya nyumba na ndoo, akaosha mguu mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyomwelekeza kwa mate ya mbwa. Na kwa kuwa alikuwa na hasira aliosha tena yote kwa sabuni ya mche, akisugua na kutukana.

"Mama Tabitha! Sihami wako na ahame!"

"Huyo si Sihami, ni Watachoka."

"Basi mimi nimechoka tayari!"

Dionisia alicheka, akaomba msamaha, akampelekea karanga mbichi. Keshokutwa yake Watachoka alikufa chini ya ghala, sufuria la maji likiwa limejaa mbele yake. Akamzika kwenye mkorosho ambao Benedikto aliupanda, na akalia kuliko alivyotarajia.

Mambo yangeishia hapo kama Swaumu asingekuwa mtu wa kinyongo cha wazi. Sadiki, afisa mifugo wa kata, kijana mwenye pikipiki iliyojaa vumbi jekundu, alikuja kuwatazama mbuzi wa Mikidadi waliokuwa wanakohoa. Swaumu alimletea uji, na akiwa anakunywa akamwelezea kisa cha najisi kwa mikono na miguu: namna mbwa alivyokuja, alivyoweka kichwa, alivyotoa mate. Alikuwa anatafuta kumchekesha.

Sadiki aliweka kikombe chini.

"Taya lilikuwa linaning'inia?"

"Kama mfuko uliotoboka. Mwenyewe anasema mfupa."

"Mbwa yuko wapi?"

"Kafa."

"Mama, huyo mbwa aliwahi kupigana na mnyama yeyote? Miezi hii?"

Mikidadi akajibu kutoka bandani, akiwa bado kamshika mbuzi. "Si yule bweha mlevi? Alimuua hapahapa, kwenye minyaa. Mchana kweupe."

Sadiki aliwahi kufanya kazi Ruangwa mwaka ule ilipozuka homa ya mgunda, ile inayotoka kwenye mikojo ya panya na wanyama, watu wakitokwa damu puani, na nchi nzima ikiwa haijui ni kitu gani. Aliniambia kwamba pale ndipo alipojifunza kuuliza maswali yasiyomhusu. Kabla ya hapo mbuzi wake walikuwa mbuzi, wagonjwa wa daktari walikuwa wagonjwa wa daktari, na panya na maji ya bwawani hayakuwa ya mtu. Alisimama akavuka minyaa bila kuaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Ulimshika mbwa wako alipokuwa anaumwa?"

"Nilimtafuta mfupa."

"Kwa kutumia nini? Fimbo?"

Dionisia alinyoosha mkono wa kulia mbele yake, akiwa bado anatabasamu, kama fundi anayeonyesha chombo chake cha kazi. Michubuko kwenye vifundo ilikuwa imekauka na kuacha alama nyeusi. Sadiki aliinama akaitazama mmoja baada ya mwingine, mpaka tabasamu likamwisha Dionisia.

"Hakuning'ata," alisema. "Kijana, huyu mbwa hakuning'ata."

"Hahitaji kung'ata. Mate yanatosha. Mama, hicho kilikuwa kichaa cha mbwa."

"Kichaa? Alikuwa mpole kama kondoo!"

"Kinakuja hivyo pia. Mama, nisikilize vizuri. Ukichomwa sindano mapema, unapona kabla hujaugua. Ukishaanza kuugua, hakuna daktari Nachingwea, hakuna Dar es Salaam, hakuna Ulaya. Mtu akishaanza kuogopa maji, imekwisha."

Dionisia ananiambia kwamba mpaka hapo hakuwa ameshtuka. Maneno ya vijana wa ofisini ni mengi. Lilikuwa neno hilo moja, maji, lililomshika.

Alipokuwa mtoto alikuwa na mjomba, Eusebio, kule Chiola, mtu mkubwa mwenye kicheko. Siku moja alifungwa kwa kamba kitandani. Watoto walikatazwa kuingia, lakini Dionisia alichungulia kwenye ufa wa ukuta. Mama yake alikuwa anamletea maji kwenye kibuyu, na mjomba, ambaye midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu, alipokiona kibuyu alijirusha nyuma mpaka kitanda kikavunjika mguu, koo likicheza kama lina kiumbe ndani yake. Shangazi mmoja alimpepea kwa kanga apoe. Upepo ule ulimfanya apige yowe. Alikufa akiwa na akili zake, akiwaita watu kwa majina. Kijiji kilisema amerogwa, akatajwa mzee mmoja jirani, na mzee yule akahama na hakurudi tena. Katika maisha yake yote Dionisia hakuwahi kuwaza mbwa. Sasa alikumbuka kwamba Eusebio ndiye aliyemfundisha Benedikto, wakati huo kijana tu aliyefuatana naye porini, kutoa mifupa.

Akakaa chini, palepale uani.

Zahanati iliyokuwa karibu haikuwa na chanjo hiyo, lakini mganga wake alipiga simu mjini, akaambiwa ipo. Safari ikawa ya pikipiki mbili. Sadiki alimbeba Dionisia. Mikidadi alimbeba mkewe, kwa sababu Sadiki alimwona Swaumu miguuni ana mikwaruzo ya vishina vya ufuta na akasema naye aende. Barabara ilikuwa na madimbwi ya mwisho wa masika. Kila walipoyakata maji, Dionisia alijitazama moyoni. Nimeogopa? Pikipiki ikashika mwendo, upepo ukampiga usoni, akakumbuka kanga ya shangazi. Akamgonga Sadiki begani.

"Nini, mama?"

"Punguza! Upepo!"

"Unakusumbua?"

Hakujua. Hilo ndilo jambo aliloniambia mara nyingi: hakujua. Kuna hofu ya kitu kinachokuja njiani unakiona, simba, nyoka, mtu mwenye panga, na mwili unajua la kufanya. Lakini huyu aliogopa kitu kilichokuwa tayari ndani ya mkono wake, kinapanda taratibu, hakiumi, hakina joto, na dalili yake ya kwanza ingekuwa hofu. Kwa hiyo kila alipoogopa, aliogopa kwamba ameanza.

Hospitalini kulikuwa na foleni. Dada wa mapokezi alimuuliza, "Umeng'atwa na mbwa?"

"Hapana."

"Sasa umekuja kwa shida gani?"

Watu walikuwa wengi kwenye benchi. Dionisia alisema kwa sauti ya chini kwamba alimtia mbwa mkono mdomoni. Dada akamwomba arudie. Akarudia. Benchi zima likacheka, na mzee mmoja akauliza alikuwa anamhesabu meno.

Swaumu alisimama. "Cheka, baba, cheka. Mimi kanipaka mate mguuni nimeambiwa nichomwe. Huyu kaingiza mkono kama anatoa unga kwenye gunia! Mwiteni daktari!"

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Kulthumu. Yeye hakucheka. Aliwaingiza wote wawili pamoja, akatazama mguu, akatazama mkono, akauliza swali lilelile kwa kila mmoja.

"Baada ya mate kukugusa, uliosha?"

"Mara saba," Swaumu alisema. "Moja kwa udongo. Halafu na sabuni, nikasugua mpaka ngozi ikalia."

"Sabuni na maji mengi. Vizuri sana. Sabuni ndiyo inayoua virusi vya kichaa." Akageuka. "Na wewe, mama?"

Dionisia alitazama kanga aliyokuwa ameivaa.

"Nilijifuta hapa," alisema.

Swaumu, ambaye kwa miaka yote hajawahi kugusa nguo ya jirani yake siku za kazi kwa sababu ya mbwa, alimshika mkono, ule wa kulia.

Daktari aliuosha mwenyewe chini ya bomba, kwa sabuni, kwa muda mrefu, ingawa alisema ilitakiwa kufanyika siku ileile. Akawachoma wote wawili begani, na dawa nyingine akamchoma Dionisia palepale kwenye vifundo vya vidole, sindano ambayo Dionisia anaikumbuka kuliko uzazi. Akamwambia tarehe za kurudi. Alimwambia pia kwamba amewahi, kwamba anaamini amewahi. Dionisia alilisikia neno "anaamini", na ndilo alilorudi nalo nyumbani.

Alibaki Sihami.

Naye alimvuta bweha, na meno yake hakuna aliyeyakagua siku ile. Sadiki alimchanja, lakini alisema wazi kwamba huenda amechelewa. Njia ya uhakika ni kumuua. Njia ya pili ni kumfunga peke yake miezi mingi, asiguswe na mtu wala mnyama, na kumtazama kila siku. Dionisia aliomba njia ya pili. Wakamjengea Sihami banda la magogo chini ya mkorosho, mnyororo mzito shingoni. Chakula na maji anasogezewa kwa mpini wa jembe. Mbwa hakuelewa. Wiki za kwanza alilia kila Dionisia alipopita, akajitupa kwenye magogo, akatoa ulimi kati ya nafasi akitafuta mkono. Dionisia alipita akiwa ameuficha mkono ndani ya kanga.

Karanga zote za upande wa msituni zililiwa na nguruwe. Hakuna aliyezilinda.

Sindano za kurudia alikwenda zote. Ya mwisho alichomwa Ruangwa alipokwenda kukaa kwa Tabitha, kwa kuwa binti yake alitaka kumwona kwa macho yake. Tabitha aliniambia mama yake hakulala vizuri hata mara moja. Mtoto alipopiga chafya alishtuka. Aliomba feni ya dukani kwa jirani izimwe. Na kila asubuhi, kikombe. Daktari alikuwa amemwambia kwamba chanjo ikishakamilika hana haja ya kuogopa tena, na Dionisia alimwamini daktari. Ila koo lake halikuwepo wakati daktari anaongea, alisema. Koo lina kumbukumbu yake.

Nilifika kwao mwishoni mwa kiangazi, mikorosho ikiwa imechanua. Nilikuwa napita tu, nikielekea Liwale, kama ilivyo kawaida yangu, nikabaki. Asubuhi ambayo nilikuwa nimeshafunga mzigo, Dionisia alikunywa maji yake, akafanya ishara ya msalaba, akaenda na mpini wa jembe kusogeza sufuria la Sihami. Kisha hakurudi.

Nilimkuta amesimama hatua chache kutoka bandani. Sihami alikuwa amekaa ndani, ametulia. Ugali wa jana haukuguswa. Uzi mrefu wa mate ulikuwa unamning'inia kwenye mdomo, na alikuwa akijikuna koo kwa mguu wa mbele, akitikisa kichwa, akijikuna tena.

"Jana nilimpa vichwa vya panya," Dionisia alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Vitatu. Vya wale wakubwa. Unaona anavyojikuna? Wenye mfupa wanajikuna hivyo. Yule mwingine hakujikuna. Sikumbuki. Labda alijikuna."

Sihami alimwona, akasogea mpaka kwenye magogo, akafunua mdomo mbele ya nafasi na kuuacha wazi. Alifundishwa hivyo tangu mdogo. Alikuwa anamletea koo lake.

Mkono wa kulia wa Dionisia ulitoka ndani ya kanga. Naamini hakuutoa yeye. Vidole vilikuwa vimeshakusanyika pamoja, vimechongoka, tayari kwa kuingia. Nilimwita kwa jina. Wakati huohuo mkono wake wa kushoto uliushika ule wa kulia kwenye kifundo, ukaukandamiza tumboni, naye akarudi kinyumenyume mpaka akagonga minyaa.

"Mama Zulfa!" aliita. "Mama Zulfa, nipigie simu kwa Sadiki! Njoo!"

Swaumu alipitia pengo la ua, simu ikiwa sikioni tayari, mkono wa pili una jagi la maji na kipande cha sabuni.

"Umemgusa?"

"Sijamgusa."

"Nitazame. Umemgusa?"

"Wallahi sijamgusa."

Lilikuwa neno la Swaumu kinywani mwake, na hakuna aliyecheka. Sadiki alisema yuko Mnero, anakuja, asisogee mtu. Tukakaa chini mgongo ukiwa kwenye kuta za nyumba, kwenye kipande kidogo cha kivuli, tukilitazama banda. Kama ni mfupa, mbwa anateseka kwa kitu ambacho mkono ule ungekitoa mara moja. Kama si mfupa, basi bweha yule bado hajamaliza kazi yake. Tulikuwa hatujui, na mtu pekee ambaye angeweza kujua alikuwa ameukalia mkono wake.

Sihami aliendelea kutungoja, mdomo wazi.

"Mama Tabitha," Swaumu alisema, "midomo imekukauka."

Akaingia ndani, akatoka na kikombe, kile cha Dionisia, ambacho hajawahi kukigusa. Akakijaza kutoka kwenye jagi, akamwekea mkononi. Dionisia aliyatazama maji. Alikuwa ameshakunywa asubuhi, yakapita. Lakini ile ilikuwa kabla. Kule barabarani hakukuwa bado na mlio wa pikipiki.

Alikinyanyua kikombe kwa mikono miwili. Swaumu hakuutazama uso wake wala banda la mbwa. Alikuwa analitazama koo lake.